Mama Salamu na Viatu vya Dereva

Mama Salamu hakuwahi kusoma faili la mgonjwa kabla ya kumwamkia. Miaka thelathini na moja ya uuguzi, ilikuwa hivyo hivyo. Anaingia wodini, anatundika mkoba, ananawa mikono, kisha anapita kitanda kwa kitanda mikono mitupu. Hana kalamu, hana karatasi, hana kipima joto. "Umeamkaje?" Anasimama hapo mpaka ajibiwe, ndipo anasogea mbele. Akimaliza vitanda vyote ishirini na vinne anaketi mezani na kufungua mafaili.

Wenzake waliona anapoteza muda. Jina la Mama Salamu walimpa wao, kwa kumcheka, naye akalipokea bila kinyongo.

"We mama, si faili linakwambia kila kitu?" mwenzake mmoja alimuuliza.

"Linaniambia alivyokuwa jana," akajibu. "Mimi namtaka wa leo."

Hakuwa mtu wa maneno makubwa. Ukimuuliza anasikiliza nini kwenye hizo salamu, alibaki anakutazama kama mtu aliyeulizwa anapumuaje. Alijua tu kwamba kila mtu anaitikia kwa namna yake. Yupo wa kulalamika kila siku. Huyo akisema "nzuri" ujue kuna jambo. Yupo wa kuguna. Akianza kutoa shukrani, msogelee. Yeye alikaa na namna zao hizo kichwani, kama mama mwenye mgahawa anavyojua nani hunywa chai ya rangi na nani ya maziwa. Na ikitokea namna imebadilika, alisema neno moja tu: "Roho yangu haijatulia."

Mumewe alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, kikitazamana na geti la hospitali: mabati, benchi la wateja, cherehani ya mkono na rafu ya viatu vinavyowasubiri wenyewe. Shule hakwenda. Herufi alijifunza ukubwani, kwenye masanduku ya viatu.

Walijuana kwa sababu ya kisigino. Yeye alikuwa bado anasomea uuguzi. Alileta kiatu, fundi akakigeuza, akasema, "Unabeba mzigo bega la kulia."

Msichana akashtuka. Mwaka wa pili huo alikuwa akibeba mkoba wa vitabu bega hilo hilo. "Umejuaje?"

"Kisigino kimelika upande."

Wiki iliyofuata akarudi na kiatu kisicho na ubovu wowote. Fundi akakigeuza huku na huku, hakuona pa kushona. Akakishona hivyo hivyo.

Basi ikawa nyumba ya watu wawili wenye ugonjwa mmoja. Mke anasoma watu kwa sauti, mume anawasoma kwa soli. Jioni walikula, wakazungumza machache, wakaelewana mengi. Yeye alimwita mumewe Fundi, na mumewe alimwita Sista, kama wateja wao, mpaka watoto wao walipokuwa wadogo walidhani ndiyo majina waliyopewa wakizaliwa.

Ila Mama Salamu hakuzaliwa na ujasiri wa kusema. Mwaka wake wa tatu kazini alilazwa mama mmoja, mshonaji wa nguo, aliyepasuliwa tumbo. Mikono ya mama yule haikutulia. Hata kitandani alikuwa akikunja pindo la shuka, akilinyoosha kwa kidole gumba, akilikunja tena. Siku ya tatu asubuhi aliitikia salamu vizuri tu. Lakini ile mikono ilikuwa imelala juu ya blanketi kama vitu vya mtu mwingine.

Muuguzi aliiona. Akapima joto, akapima presha, akahesabu mapigo, yote sawa. Daktari alipita. Ningemwambia nini, alijiuliza. Kwamba mgonjwa leo hakunji shuka? Akameza maneno. Saa nane mchana mshonaji alikufa.

Alivuka barabara na sare yake, akaketi kwenye benchi la wateja mpaka fundi alipofunga kibanda.

"Niliona," akasema. "Nikaona aibu kusema."

Fundi alimpa maji.

Tangu hapo aibu ile aliitupa. Alisema kila roho ilipokataa kutulia, na mara nyingine alisema bure. Kuna mtunza bustani mmoja aliyezuiliwa kitandani siku mbili kwa sababu aliitikia salamu kwa mkato. Wakampima mpaka mkojo. Kumbe amenuniana na mkewe, hajaletewa chakula. Wodi nzima ilicheka wiki nzima, na daktari kijana wa wodi ile hakuisahau.

Sasa akaja huyu dereva.

Alikuwa dereva wa lori la masafa. Kidole tumbo kilimshika njiani, akaendesha siku mbili nzima akiwa amejikunja juu ya usukani kabla hajakubali kushuka. Wakampasua, kidonda kikaenda vizuri, akapewa kitanda namba tisa. Mtu wa mdomo mkubwa na kicheko cha kuamsha watu. Kandambili za wodi alizikataa. Kila alipokwenda msalani alivaa viatu vyake vyeusi vya kamba, na pajama, na akatembea kama anakwenda kusaini mkataba.

Kitanda namba kumi kililaliwa na mzee aliyekuwa mpishi wa shule, waliyemwita Babu Redio kwa sababu habari haikulala kwake. Hao wawili waliichangamsha wodi.

"Umeamkaje, dereva?" Mama Salamu alimuuliza siku ya pili baada ya kupasuliwa.

"Injini imewaka, Sista, ila gia ya kurudi nyuma haiingii."

Siku ya tatu: "Leo nipe mlima na tani thelathini."

Siku ya nne: "Niandikie ruhusa. Lori langu litaota majani huko."

"Likiota majani utapata pa kulishia ng'ombe," Babu Redio akadakia.

Siku ya tano Mama Salamu alifika kitanda namba tisa akamkuta ameshavaa shati na suruali. Ameketi ukingoni mwa kitanda, blanketi limefunika magoti. Viatu viko sakafuni, kimoja kimelala ubavu njiani. Mama Salamu akakiruka.

"Umeamkaje, dereva?"

"Salama, mama."

Basi. Na katikati ya "salama" na "mama" alivuta pumzi ndogo, kama mtu aliyepanda ngazi mbili tatu.

Mama Salamu hakusogea. "Na injini?"

"Ipo."

Akaendelea na kitanda namba kumi, lakini aliyoitikia Babu Redio hakuyasikia. Alipoketi mezani, faili la tisa ndilo alilofungua kwanza. Joto, hakuna. Presha, nzuri. Kidonda kikavu. Mapigo yamepanda kidogo, lakini mtu anayesubiri kwenda nyumbani mapigo yatakosaje kupanda?

Daktari alikuja saa tatu. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, na macho mekundu ya mtu wa zamu mbili. Akafunua tumbo, akabonyeza, akauliza choo, akatia saini.

"Nenda nyumbani. Wiki ijayo uje tukutoe nyuzi." Kisha akamgeukia muuguzi. "Mama, kitanda hiki kikiwa wazi tu, muingize yule bibi wa kwenye korido."

Bibi yule alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao tangu alfajiri, dripu yake imening'inizwa kwenye komeo la dirisha. Kitanda kingine hakikuwepo.

Mama Salamu alimfuata daktari mpaka mezani. "Daktari, huyu wa tisa mwache mpaka kesho."

"Kuna nini?"

"Roho yangu haijatulia."

Daktari alifunga kalamu yake taratibu. "Mama, nakuheshimu. Unajua nakuheshimu. Lakini hebu niambie, niandike nini hapa? 'Roho ya muuguzi haijatulia'?"

"Andika hivyo."

"Kama tulivyoandika kwa mtunza bustani?"

Muuguzi mmoja pale pembeni akaficha kicheko kwenye kiganja. Mama Salamu hakukasirika. Daktari alikuwa na haki ya kuuliza hilo.

"Nipe kitu kimoja," daktari akasema, na sasa alisema kwa upole. "Kitu cha kushika. Joto, mapigo, maumivu, chochote. Hapo nje kuna bibi wa watu amekaa kwenye mbao. Huyu naye anatembea, anakula, anataka kwenda. Nimzuie kwa lipi?"

"Leo hakunitania."

Alisikia mwenyewe jinsi neno hilo lilivyokuwa jepesi. Daktari pia alisikia. Akamgusa bega, akaenda wodi nyingine.

Mama Salamu alibaki amesimama. Aliona mikono ya mshonaji juu ya blanketi. Halafu aliona miguu ya bibi wa korido, haijafika sakafuni, inaning'inia. Kama amekosea, bibi ndiye anayelipia kosa lake.

Dereva alivaa kandambili za wodi ili asilowanishe viatu, akachukua taulo, akaenda kunawa mwili kabla ya safari. Mama Salamu alimwona anapita. Alipofunga mlango wa bafu, yeye akainama, akachukua viatu vile viwili, akavizungushia gazeti, akatoka.

Babu Redio alikuwa anamtazama. Akafungua mdomo. Mama Salamu akamtazama na yeye. Babu Redio akafunga mdomo, na wanaomfahamu wanasema hiyo ndiyo mara pekee.

Alivuka barabara. Fundi alikuwa na misumari midomoni.

"Fundi, shona hivi."

Akafunua gazeti, akavigeuza. Soli ya kulia ilikuwa imeachama kidogo mbele. "Hakijaharibika sana."

"Basi kiharibu."

Fundi akatoa misumari mdomoni. "Vya nani?"

"Vya mtu ambaye sitaki aende. Usimalize mpaka nikuambie."

Fundi akaviweka mbele yake. Mke akarudi mbio, kofia imepinda.

Dereva aliporudi kutoka bafuni alitazama chini ya kitanda. Akatazama upande wa pili. Akainua godoro.

"Jamani, viatu vyangu viko wapi?"

Wodi ikaamka. "Labda vimetangulia nyumbani," mmoja akasema. "Dereva, vimeenda kutafuta lori!" mwingine. Babu Redio alitazama dari.

"Nimevipeleka kwa fundi," Mama Salamu akasema. "Soli imeachama."

"Nani amekutuma, Sista?"

"Hakuna."

"Yaani mmenipa ruhusa kwa mkono huu, kwa mkono huu mnaniibia viatu!"

"Vinakuja. Fundi ni mtu wa pole pole."

"Nitaondoka pekupeku!"

"Ondoka. Mwenye lori akikuona unakuja pekupeku kama mkimbizi, atakupa usukani?"

Wakacheka, naye dereva akataka kucheka, kicheko kikakatikia njiani. Akaketi. Alijishika kwanza kwenye ukingo wa kitanda, akanyoosha mguu, akavuta blanketi. Mama Salamu alisogea karibu, akainama ili wengine wasisikie.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Siumwi popote." Hakumtazama. "Mama, lori linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nisipokuwepo anapewa mtu mwingine, na akishapewa ndiyo basi. Nina miaka kumi na moja kwenye gari lile. Usinifanyie hivi."

Alikuwa na haki huyu naye. Siku ile kila mtu alikuwa na haki isipokuwa yeye mwenye viatu vya watu.

Akatoka koridoni. Bibi akamwinulia uso. "Mwanangu, bado?"

"Bado kidogo, bibi."

Akamletea mto wa mgongo, akamwekea kigoda chini ya miguu. Akajipa muda mpaka saa saba. Saa saba ikifika hana kitu cha kushika, atavuka barabara, atarudisha viatu, atamwomba dereva radhi, atamwomba na bibi. Alikwenda tena kitanda cha tisa, akapima presha upya. Nzuri. Akapima joto. Hakuna. Dereva alitoa mkono kama mtu anayevumilia mtoto msumbufu.

Saa sita na nusu alisikia mtu akikohoa mlangoni mwa wodi.

Alikuwa Fundi. Miaka yote ile hakuwahi kuvuka geti. Harufu ya dawa ilimpa kichefuchefu. Watoto wao walizaliwa humo ndani naye akasubiri nje, kwenye kibanda, akipigilia soli ambazo hazikuhitaji kupigiliwa. Sasa amesimama pale na aproni yake ya ngozi, uso umepauka, viatu vya dereva mkononi.

"Nilikwambia usimalize!" Mama Salamu akamwambia kwa mnong'ono wa hasira.

"Sijamaliza. Sijaanza." Akaviinua viatu. "Mwenye hivi, mguu wa kushoto una nini?"

"Hauna kitu. Kapasuliwa tumbo."

"Una kitu."

Akamwonyesha. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo alitumia kidole. Kiatu cha kulia, kamba zimekazwa kawaida, kama alivyozizoea mwenyewe. Kiatu cha kushoto, kamba zimeachiwa mpaka tundu la mwisho, ulimi umesukumwa nje. Kisha akamwonyesha mkunjo kwenye kamba ya kushoto, pale fundo la zamani lilipokaa miaka na kuacha alama nyeusi. Fundo la sasa lilikuwa mbali na alama ile, upana wa vidole viwili.

"Mguu huu haukuwa hivi," akasema. "Umenenepa juzi."

Mama Salamu alikuwa ameshageuka.

Alifika kitanda namba tisa, akaondoa blanketi bila kuomba. "Pandisha suruali."

"Sista, mbele ya watu?"

"Pandisha."

Mguu wa kushoto chini ya goti ulikuwa umevimba, ngozi imenyooka na kung'aa kama ya embe. Akaweka kiganja. Wa moto. Akaweka kiganja mguu wa kulia. Wa kawaida. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, na Fundi, aliyekuwa amemfuata bila mwenyewe kujua, akaweka kwenye mkono ule utepe wake wa kupimia miguu ya wateja. Akapima wa kulia, akapima wa kushoto. Tofauti ilikuwa sentimita nne na nusu. Hicho sasa kilikuwa kitu cha kushika.

"Tangu lini?"

Dereva alikuwa ameinamisha kichwa. "Juzi jioni. Nilijua ni kulala sana. Utaniacha niende?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mngeniacha niende?"

"Lala. Usishuke kitandani hata kwa dakika moja. Ukitaka msala sema uletewe."

Daktari alikuja akitembea, akaona mguu, akaona utepe, na uso wake ukabadilika. Hakusema kitu cha mtunza bustani. Aliagiza machela, maana hakutaka yule mtu akanyage chini, wakampeleka kwenye chumba cha mashine ya picha. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu, donge refu. Daktari alisema huenda kipande kidogo kilikuwa kimeshapanda kifuani, ndiyo ile pumzi. Na kama donge lenyewe lingechomoka barabarani, juu ya usukani, na tani thelathini nyuma yake, basi asingekufa peke yake.

Wakampeleka wodi nyingine, akaanzishiwa sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda. Saa nane bibi wa korido alilala kitanda namba tisa. Babu Redio alikuwa ameshaanza kumsimulia kabla hajafunikwa.

Lori liliondoka kesho yake na dereva mwingine. Huyu wetu alilia kwa hilo, kitandani, bila kujificha, na Mama Salamu aliketi naye. Hakumwambia kwamba uhai ni bora. Alijua atajua mwenyewe.

Muuguzi mkuu alimwandikia barua ya onyo. Kuchukua mali ya mgonjwa bila idhini yake ni kosa, hata kama ni kiatu, hata kama mgonjwa ameshukuru. Mama Salamu aliisoma, akatia saini.

"Unakubali kosa?" muuguzi mkuu akamuuliza.

"Nakubali. Nilimwibia."

"Na kesho ikitokea tena?"

Mama Salamu akafikiri. "Kesho nitamwambia kwanza apandishe suruali."

Muuguzi mkuu akaiweka barua kwenye droo, akageuza uso dirishani ili asionekane anacheka.

Jioni ile ya tukio, nyumbani, Mama Salamu alikuwa hajagusa chakula. Fundi alikula cha kwake, akasubiri.

"Nilikiona," Mama Salamu akasema.

"Nini?"

"Kiatu. Asubuhi nilikikuta njiani, nikakiruka. Kamba zilikuwa zimelegea vile vile ulivyonionyesha. Na alivyokaa, ule mguu alikuwa ameunyoosha. Macho yangu yaliona yote hayo, Fundi. Mimi ndiye sikuona." Akaisogeza sahani pembeni. "Sasa nijibu hili. Kama nilitaka kumzuia tu, ningeficha ile karatasi ya ruhusa. Ingekuwa rahisi. Kwa nini nilichukua viatu? Na kwa nini nikuletee wewe?"

Fundi alifikiri sana. "Sijui," akasema.

"Hata mimi."

Walikaa na hilo. Katika maisha yao lilikuwa moja ya yale waliyokaa nayo muda mrefu zaidi. Wengine wanapenda kusema ni kipaji, wengine wanasema ni sauti. Mama Salamu hakukubali. Alisema ni kazi ya miaka, imejaa mpaka inamwagika pale ambapo maneno hayajafika. Na alisema kitu kingine, kwamba yule mshonaji hakumwacha, ndiye anayemsukuma kila akitaka kunyamaza.

Daktari alibadilika kidogo, si sana. Alipoingia wodini asubuhi aliuliza, "Mama, salamu zimesemaje leo?" Akiambiwa zimetulia, anaendelea. Akiambiwa kuna kitanda hakijatulia, anaanzia hapo, anafunua mpaka miguu. Mara nyingi hakukuta kitu. Alifunika, akaenda, hakucheka.

Dereva alipata lori lingine baada ya miezi minane. Kila alipopita mji ule alisimamisha mbele ya kibanda, akapiga honi mpaka mlinzi wa geti akamtukana, na kumletea Fundi viatu vya kushona. Viatu vizima. Fundi alivishona hivyo hivyo.

Miaka ilipita, Mama Salamu akastaafu. Wiki ya mwisho ya kazi alileta viatu vyake vyeupe kibandani. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande, kama siku ya kwanza.

"Vya nini tena?" Fundi akamuuliza. "Si unapumzika?"

"Nitavivaa. Ila usivimalize mpaka nikuambie."

Hakuvivaa. Miezi mitatu baadaye alilazwa, wodi ile ile. Fundi alivuka geti kila asubuhi saa moja, na harufu ya dawa hakuisikia tena. Faili hakuligusa, hata angeligusa, herufi za madaktari hazifanani na za masanduku ya viatu. Alisimama miguuni mwa kitanda, mikono mitupu.

"Umeamkaje, Sista?"

"Salama, Fundi."

Siku kumi na tisa aliitikiwa hivyo. Ya ishirini aliitikiwa, "Salama."

Fundi alisubiri lile neno la pili, halikuja. Halafu alitembea mpaka mezani, yeye ambaye hakuwahi kumsumbua mtu, akawaambia wauguzi, "Roho yangu haijatulia." Hakuna aliyemuuliza kitu cha kushika. Waliacha vikombe vyao vya chai wakakimbia, na daktari akaja, naye si kijana tena, wakafanya yote ya kufanywa. Walifanya kila kitu. Saa kumi jioni alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Viatu vyeupe viko kwenye rafu ya kibanda, safu ya juu, mahali ambapo vumbi halifiki haraka. Kisigino cha kushoto kimeshatengenezwa. Cha kulia bado. Binti yao alipokuja mara ya mwisho alivitazama, akavishusha, akavipangusa kwa kanga yake.

"Baba, vimalize basi. Kuna msichana anaanza uuguzi hapo jirani, vitamfaa."

Fundi alivichukua mikononi mwake, akavirudisha kwenye rafu.

"Sijaambiwa," akasema.